Sahani Chini ya Kawa

Jumanne, 24 Machi

Assalam alaykum mwanangu Nasma, mwalimu wa watu huko Songea. Mie mama yako Semeni sijambo, mgongo tu, na huu moyo wangu unaokwenda mbio bila kufukuzwa. Wifi yako Mastura hajambo, anakusalimu, anasema ile kanga uliyomletea bado hajaitia maji. Aliya hajambo, jino la mbele limetoka na ametuzungusha uwanja mzima tulitafute. Mjomba wako Mwinyijuma hajambo, kikohozi chake nacho hakijambo. Mwalimu Abdulghani hajambo, kila nikipita madrasa ananiuliza, "Yule Nasma wa sauti nzuri hajarudi?" Jirani yetu Bi Buthaina hajambo na duka lake halijambo. Mbuzi kazaa pacha, wote wazima. Na kaka yako Ayubu, huko aliko, inshallah naye hajambo.

Umesema niandike kila siku kidogo, masika yote, badala ya kukupigia simu ukiwa darasani nikakuuliza umekula. Haya. Daftari nimenunua, la mistari mikubwa. Darasa la nne langu unalijua, usinicheke.

Kitabu chako kimefika na basi, karatasi tele zimefungwa kwa waya wa kuzunguka. Umesema, "Mama, kisome kwanza wewe. Ukikubali nitakipeleka kwa wachapaji, ukikataa nitakiweka sandukuni." Mie nani wa kukataa kitabu, Nasma? Lakini nimefurahi kuombwa ruhusa.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Mwani haukukauka.

Ijumaa, 27 Machi

Tumeanza. Macho yangu na herufi ndogo hatupatani, kwa hiyo anasoma Mastura, mie nafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na Aliya anatukatia nyuzi. Jina la kitabu nimelipenda, Nchi Isiyo na Tanzia. Nikadhani ni habari za peponi. Kumbe!

Mastura akasoma kwamba katika nchi hiyo mtu hafi. Ni marufuku. Akitoweka mtu wanasema kasafiri. Hakuna kaburi, hakuna sanda, msikitini hakitangazwi kitu. Kila nyumba yenye msafiri inapewa sahani na Ofisi ya Safari, nayo ipakuliwe kila siku kabla wenye nyumba hawajala. Wakaguzi wanapita na kile kijiti cha kupimia homa, wanakichomeka kwenye wali. Wali ukiwa baridi, mna kesi. Na anayelia anapelekwa Shule ya Subira mpaka macho yakauke.

"Nasma kayatoa wapi haya?" nikauliza.

"Kayabuni, mama. Hadithi hizi ndivyo zilivyo. Zinajifanya za nchi isiyokuwepo, za miaka ijayo, ili mtu aogope."

"Basi atafutiwe mume. Huo upweke."

Mastura akacheka mpaka akapoteza ukurasa. Kazi ikaenda.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua kutwa. Mwani uliokuwa juu ya chanja umeoza. Kitabu hatukukigusa, karatasi zingelowa.

Alhamisi, 2 Aprili

Bamvua. Maji yametoka mbali sana, tumeingia shambani mie na Mastura tangu alfajiri. Tumefunga kamba kumi na nane. Tulikuwa tumeinama, kila mtu na kamba yake, mara akasema bila kunitazama:

"Mama, naomba twende tena kwa Mwalimu Abdulghani."

Nilijua atalisema siku moja. Nikavuta fundo likakatika.

"Kuna mtu amekuposa?"

"Hakuna mtu, mama. Wallahi hakuna. Nina miaka ishirini na saba. Nataka kujua tu mie nani. Nikijaza fomu ya Aliya shuleni wananiuliza, una mume? Sijui niandike nini."

"Andika yupo safarini."

Maji yakaanza kurudi, tukatoka.

Wewe unajua, lakini niandike ili nipumue. Mwalimu alishasema: mke wa mtu aliyepotea anangoja miaka minne tangu siku ya habari ya mwisho, kisha kadhi anatoa hukumu, mke anakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, baada ya hapo yu huru. Ayubu alipiga simu mara ya mwisho Desemba, mwaka ule alioondoka. Kwa hesabu hiyo Mastura angekuwa keshamaliza kungoja. Lakini Machi mwaka juzi simu yangu ililia, namba ya nje, na mie nikamwambia Mwalimu nimemsikia mwanangu akiniita "Mama". Mwalimu akasema alhamdulillah, basi hesabu ianze upya pale. Kwa hiyo bado miaka miwili. Si maneno yangu, ni sheria.

Nimempakulia Ayubu samaki wa nazi, kipande cha kichwa, anakipenda. Nimefunika kawa.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo Mastura kasoma sura tatu. Nasma, yule mama wa Nyumba Namba Tisa nimempenda! Kwa nini hukumpa jina? Mwanawe kasafiri na yeye sahani yake haijapoa hata siku moja. Wakaguzi wakija anawafungulia mlango mwenyewe. Wamempa cheti, kakitundika ukutani. Wenzake wanachoka, wanajificha kulia chooni, yeye wapi!

"Huyo ndiye mama," nikasema. "Hao wengine mama kwa jina tu."

Mastura akasoma mstari uleule mara mbili, kama mtu aliyesahau alipofika.

Bi Buthaina alikuwa kibarazani kwetu kaleta birika lake la kahawa, akasikiliza, akasema, "Semeni, na huyo mama wa kitabuni ana mbuzi?"

"Mbuzi wa nini?"

"Wa kula huo wali asubuhi. Maana wako wewe kanenepa kuliko sisi tunaolipia chakula."

Mdomo wa Buthaina huo. Nikamwambia kahawa yake ina maji.

Jumatano, 8 Aprili

Jua kidogo. Tumeanika.

Alhamisi, 9 Aprili

Mastura kagoma kusoma. Alifika pale ambapo rafiki wa yule msafiri anarudi mjini, anabisha Nyumba Namba Tisa, ana neno la kusema. Akafunga kitabu.

"Mama, kilichobaki soma mwenyewe."

"Unajua siwezi haraka."

"Pole pole, mama. Hakuna anayekufukuza."

Akaenda kuchota maji, na pipa limejaa maji ya mvua mpaka yanamwagika.

Jumapili, 12 Aprili

Siku tatu nimesoma kurasa sita, kidole chini ya neno, kama Aliya. Mvua ilikuwa inapiga bati hata sijisikii nikijisomea. Nikafika mlangoni pale. Yule rafiki anasema, "Mama, nimekuja kukwambia nilichokiona." Na yule mama wa Namba Tisa anamjibu:

"Mwanangu anakula kwangu kila siku. Wewe uliyemwacha njiani ndiyo uje unifundishe aliko? Toka, na mvua ikuondolee huo uongo mdomoni."

Nasma. Nasma mwanangu.

Hayo ni maneno yangu. Niliyasema mlangoni kwangu, kumwambia Jumbe, yule aliyeondoka na kaka yako, miaka minne iliyopita, mvua ikinyesha. Hakuwepo mtu mwingine. Wewe ulikuwa chumbani, nilidhani umelala. Umeyachukua neno kwa neno, hata lile la mvua, ukamtia mdomoni mwanamke mbaya wa kitabu. Maana nimefunua kurasa za mbele, nimeona anayoyafanya baadaye. Anakwenda Ofisi ya Safari kumshitaki yule rafiki. Wanampa naye kijiti cha kupimia wali, anakuwa mkaguzi, anaingia nyumba za wenzake. Mkwewe anamwonea huruma kisha anamwogopa. Na mie nimekaa hapa wiki nzima nikimsifu! Mbele ya Mastura! Mbele ya Buthaina!

Umenianika, Nasma. Umenianika kama mwani juu ya chanja, kila apitaye anione.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo siandiki.

Jumanne, 14 Aprili

Wala leo. Simu yako nimeiona, sikupokea kwa makusudi.

Jumatano, 15 Aprili

Nimegombana na Mastura. Nilimwambia, "Mmepanga nyie wawili. Ulijua kilichomo tangu mwanzo, ukakaa unanisomea kwa sauti ya upole."

"Sikujua, mama. Nilijua nilipofika pale mlangoni. Kwamba ulimfukuza Jumbe nilishasikia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mie sijaandika kitabu, mama. Mie nimekaa humo."

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika, linahusu mwanamke anayemzika mume ili apate mwingine. Hakulia, unajua halii mbele yangu, wala sikumbuki lini alilia mbele yangu. Akamvalisha Aliya viatu, akatia nguo mfukoni, wakapanda gari kwenda kwa baba yake Usagara. Aliya aliniuliza mlangoni, "Bibi, na sisi tunasafiri?"

Ijumaa, 17 Aprili

Bamvua tena. Sikwenda. Kamba za watu wawili mtu mmoja hazimudu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nitaandika kilivyo, usinicheke.

Jana nilipika wali na mchicha, kichwa kikiwa hakipo. Nikapakua, nikafunika, nikaswali magharibi. Nilipogeuka kutoka kwenye mswala nikaona juu ya meza kawa tatu. Moja ya Ayubu. Nyingine mbili nimefunika za Mastura na Aliya. Mkono umefanya wenyewe.

Nikazitazama. Mastura yuko Usagara, saa mbili kwa gari, yu hai, anakula kwao, labda na babake anamtania. Aliya ana pengo na kikohozi cha mvua. Nikipiga simu wanapokea. Na mie nimewafunika. Zile sahani tatu zilikuwa sawasawa, Nasma, kawa ileile ya ukili, moshi uleule. Aliye hai na asiyejulikana nimewapikia mapishi mamoja. Nikaogopa kama aliyeona kitu ndani ya nyumba. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Semeni, unafanya nini?"

Nilizifunua zote. Nikala ya Mastura, nikala ya Aliya. Ya Ayubu sikuweza.

Jumatatu, 20 Aprili

Nina jambo na sijui pa kuanzia, basi naanzia katikati.

Ile simu ya mwaka juzi haikusema.

Ililia. Namba ndefu ya nje, hilo kweli. Nikapokea nikasema, "Halo, Ayubu?" Kukawa na upepo upepo, kama mtu kashika simu barabarani. Nikasema tena, "Ayubu, mama hapa." Ikakatika. Basi. Hakuna aliyesema "Mama". Nilipiga mara kumi na saba, yule dada wa mashine akanijibu kizungu.

Wiki ileile babake Mastura alikuja na Mwalimu Abdulghani, wamekaa pale mkekani, wanazungumza taratibu, kwamba labda wakati umefika wa kuanza kufikiria. Nikaliona jeneza katika mdomo wa Mwalimu kabla hajalisema. Nikatangulia. Nikasema, "Ayubu kanipigia juzi. Kaniita mama." Wote wakasema alhamdulillah. Mastura alianguka kunikumbatia, Nasma, akanibusu mikono, akacheka kwa furaha. Nikaona furaha ile nikasema, si uongo mkubwa, ni uongo wa kumfurahisha mtu. Na baada ya siku chache nikaanza kuusikia kweli. Ningekuapia nimeisikia sauti.

Mume wake alimwacha na mtoto wa miezi tisa. Mie nikamwanzishia miaka minne upya kwa neno moja. Kila bamvua nainama naye shambani, ananibebea gunia zito mwenyewe, ananiita mama, na mie nimemfunga kwa kamba ambayo mwenyewe haioni.

Wewe ulijua? Kitabuni yule mama anaandika barua za uongo kutoka kwa mwanawe. Nimezifikia leo asubuhi. Kama ulijua, ulinionea haya miaka miwili. Kama hukujua, basi unanijua kuliko ninavyojijua.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimekwenda Horohoro na mjomba wako Mwinyijuma. Nilimwambia nataka kumwona Jumbe. Hakuniuliza kwa nini, alivaa koti lake tu. Njia nzima anakohoa na mie moyo unakwenda mbio, tukawa kama ngoma mbili.

Jumbe anapika chapati hapo mpakani, anawauzia madereva wa malori wanaongoja karatasi zao. Kanenepa. Aliponiona akaacha chapati ikaungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Geuza chapati yako."

Akageuza. Mwinyijuma akaagiza chai akakaa mbali, bwana yule ana adabu. Nikasema, "Jumbe, ulikuja kwangu na neno, nikalifukuza. Nimelifuata."

Akafuta mikono kwenye aproni. "Mama, mie nilidhani utanichukia mpaka kufa."

"Nilikuchukia. Sema."

Akasema. Walikuwa saba, wanakwenda Afrika Kusini. Wakafika Songea. Wakavuka Ruvuma asubuhi kwa mtumbwi, mto umejaa kwa mvua za Desemba, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Katikati mtumbwi ukapinduka. Yeye Jumbe alishika matete. Akamwona Ayubu amefika ukingoni, kasimama, maji ya magoti.

"Alifika?" nikasema.

"Alifika, mama. Kulikuwa na kijana wa Kibondei, hajui maji, anapiga kelele. Ayubu akamgeukia."

"Kwa nini? Kwa nini arudi?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajua kuogelea, mama. Wengine tulikuwa tunajua kushika matete tu."

Wakangoja ukingoni siku mbili. Walipita upande huu na upande ule na wavuvi wa huko. Kijana yule alionekana. Ayubu hakuonekana.

Sikulia pale. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekufungia mlango na ulikuwa umebeba maiti ya mwenzako mgongoni. Nisamehe." Akalia yeye, mtu mzima na aproni yake, malori yanapiga honi. Akanifungia chapati sita kwenye gazeti, akanilazimisha nizichukue.

Njiani kurudi ndipo likanijia. Songea. Ulipopata kazi nilikuuliza, kote huku, kwa nini Songea? Ukasema kuna ubaridi mzuri. Nasma, umekwenda kukaa karibu na kaka yako. Maneno ya Jumbe uliyasikia mahali fulani, na mie sikukuachia nafasi ya kuniambia. Na humu ndani hukuthubutu kulia, ukaenda kulia mkoa mwingine.

Ijumaa, 24 Aprili

Baada ya sala nilimngoja Mwalimu Abdulghani kwenye veranda ya madrasa. Nikamwambia yote, ya simu. Kofia yake aliivua akaivaa.

"Bi Semeni, hilo neno limemkalia mtu shingoni miaka miwili."

"Najua, Mwalimu."

"Mie nimelipeleka kwa mdomo wangu."

"Najua. Nimekutia aibu na wewe."

Akasema tutakwenda kwa kadhi, nitasema mbele yake nilivyosema hapa, na Jumbe ataitwa ashuhudie. "Lakini kabla ya kadhi, kuna mtu wa kuambiwa kwanza. Na huyo mie sikusaidii."

Jumapili, 26 Aprili

Usagara. Babake Mastura alinikaribisha kama mgeni wa heshima, ndiyo ikaniuma zaidi. Mastura akatoka jikoni, mikono ina unga. Aliya akanionesha jino jipya linachungulia.

Nilimwambia mbele ya baba yake, nisijipunguzie. Nilipofika pale pa "haikusema" nilimtazama usoni, kwa sababu nilistahili kuona. Alisema neno moja tu:

"Nilikubusu mikono."

"Ulinibusu."

Akaingia ndani. Nikakaa na babake tukitazama mvua. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Baada ya muda mrefu Mastura akatoka, macho yamevimba, mara ya kwanza nayaona hivyo, na akasema, "Kwa hiyo amekufa, mama?"

Nikasema, "Amekufa, mwanangu. Alimrudia mtu."

Ndipo akalia mbele yangu. Akapiga ukunga wa miaka minne, majirani wakajaa mlangoni, Aliya akashikilia gauni langu. Na mie nikalia. Sikujua machozi yanaweza kukaa mtu ndani muda wote huo yakabaki ya moto.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua. Nimelala kutwa.

Jumatano, 6 Mei

Kadhi ametoa karatasi. Jumbe alishuhudia, na mie nilisema langu. Mwandishi pale aliniuliza, "Uhusiano na marehemu?" Nikajibu, "Mama."

Mastura hajasema kama amenisamehe, nami sijamuuliza. Lakini amerudi hapa kwetu Kigombe na Aliya. Kasema eda ya mume hukaliwa nyumbani kwa mume. Kaanza leo. Kavaa nyeupe, hatoki, mwani ni wangu peke yangu mpaka Septemba. Haidhuru. Buthaina kajitolea kunisaidia bamvua ijayo, ananiambia, "Lakini mie ukinipikia usinifunikie, nakula palepale." Nilicheka, Nasma. Nikashangaa kujisikia.

Jumapili, 10 Mei

Hitma ya kaka yako.

Ulisema kwenye simu huwezi kuondoka, mitihani. Ulilia mpaka salio likaisha, nami sikukuambia nyamaza. Mwalimu aliswalisha sala ya ghaibu baada ya adhuhuri, kisha wakasoma hapa uwanjani, mvua ikawapisha. Jumbe alikuja na sufuria lake mwenyewe akapika pilau.

Baada ya dua watu wakabaki. Mmoja akasema Ayubu alivyoficha makubadhi ya mwalimu wake wa madrasa, Mwalimu Abdulghani akasema, "Kumbe ndiye!" Mwinyijuma akaeleza alivyomuuzia mzungu dagaa akamwambia ni samaki watoto. Jumbe akasema huko njiani alikuwa akiwaimbia wenzake nyimbo za harusi, na harusi haipo. Mastura yuko ndani nyuma ya pazia, nikamsikia akicheka na kulia kwa pamoja. Aliya alizunguka kwa kila mtu, "Na wewe unamjua baba yangu? Nieleze."

Miaka minne mtoto yule hajapewa hata kisa kimoja. Nilimpa sahani.

Jumatatu, 25 Mei

Masika yanakwisha, daftari nalo. Nalipeleka kesho kwa basi pamoja na kitabu chako. Nimekimaliza chote, mwenyewe, na kidole.

Kwanza, ruhusa. Kipeleke kwa wachapaji. Niliona haya, nikaona hasira, sasa naona kwamba kama usingekiandika, Mastura angekuwa bado anangoja simu isiyosema. Watu wa Kigombe wakisoma wakanijua, wanijue.

Pili, nina neno, ingawa wewe ni mwalimu na mie wa darasa la nne. Kitabuni ni Ofisi iliyowakataza watu kulia. Ni wakaguzi, ni sheria, ni cheti. Mwishoni Ofisi inaanguka na watu wanatoka barabarani wanalia kwa uhuru. Kizuri, lakini si hivyo. Mie hakuna ofisi iliyonituma. Hakuna mkaguzi aliyeingia hapa. Nilijiwekea mwenyewe, kwa kupenda na kwa woga, na kila mtu aliyekuwa ananipenda akanitii. Hiyo ndiyo inatisha zaidi, Nasma. Ukiweza kulitia hilo, litie. Na yule mama mpe jina. Langu likifaa, chukua.

Tatu ndilo linaloninyima raha. Kitabuni yule mama siku moja anapakua wali na hakumbuki uso wa anayempakulia. Nilipopasoma nilisema, hapo umezidisha, mama hasahau. Basi juzi Aliya kaniuliza, "Lile kovu la baba lilikuwa shavu gani?" maana kwenye hitma walilitaja. Nikasema la kulia, bila kufikiri. Mastura akasema kutoka ndani, "Kushoto, mama." Nikasema kulia, mie nimemzaa. Akasema kushoto, mie nimelala naye. Tukatafuta picha. Ya shule kageuza uso, anamcheka mtu. Ya simu ya Mastura alijipiga mwenyewe, na Buthaina anasema simu zile zinageuza kulia kuwa kushoto, nyingine hazigeuzi, hajui hiyo ni ya namna gani. Mwinyijuma hakumbuki. Jumbe hakumbuki.

Nimefumba macho usiku na mchana namwona, lakini kovu linahama. Likija kulia naamini kulia, likija kushoto naamini kushoto. Miaka minne sikumtaja kwa lolote ila chakula, na kumbe hivyo ndivyo anavyokwisha.

Wewe ulikuwepo. Mlikuwa mnagombania mbuzi ya kukunia nazi, wewe una miaka sita, yeye tisa, ukavuta, jino lake likamkata shavuni. Ulikaa chini ya kitanda siku nzima kwa hofu. Lazima unakumbuka, mkono wako ndio uliovuta. Usipige simu, niandikie ni shavu gani, nataka liwe kwenye karatasi nimpe Aliya alitunze. Na ukumbukapo kingine chochote chake, sauti, miguu, alivyokuwa anapiga chafya, tia humohumo.

Mastura anangoja, Aliya anangoja, mie sijalala. Basi linarudi Alhamisi. Ukilipata daftari hili asubuhi, tafadhali mwanangu, jibu litoke jioni ileile.

Mama yako, Semeni.